Msianze na mtihani wa mwisho wa muhula

Msomaji mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu, ameniandikia hivi: "Mkuu wa kitivo amenikabidhi kazi ya kusimamia majaribio ya mfumo wa kutahini wanafunzi mtandaoni. Moodle, ile programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, tunayo na inafanya kazi, ila hadi sasa tumeitumia kupakia nyaraka za masomo tu. Kamati inataka tuanze na mtihani wa mwisho wa muhula wa somo moja la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 640, ili matokeo yaonekane haraka. Nianzie wapi, nipime nini, na nitajuaje kama majaribio yamefaulu? Na kamera za kuwasimamia wanafunzi wakiwa majumbani, tuzitumie?"

Mwalimu, kwanza pole na kazi.

Ombi la kamati likatalie mapema, kabla ratiba haijabandikwa. Najua 640 ni idadi inayopendeza kwenye ripoti. Lakini majaribio ni mahali pa kuharibikiwa. Mnayafanya ili mfumo utoe ubovu wake wote nje wakati ambapo ubovu huo haumgharimu mtu shahada. Mkiuchukua mtihani unaobeba sehemu kubwa ya alama za somo, hayo si majaribio tena, ni uzinduzi uliovishwa jina la majaribio. Likitokea la kutokea, kila mmoja wenu atahangaika kulifunika, na hakuna atakayekaa kujifunza kutokana nalo.

Tafuta mwalimu mmoja aliyejitolea mwenyewe. Aliyeteuliwa kwa barua muache apumzike. Achukue mtihani mdogo wa dakika 30, ulio katika tathmini endelevu, wenye alama zisizozidi 5 kati ya 100. Wanafunzi wawe 60 hadi 100, ndani ya chumba cha kompyuta, mkiwaona kwa macho. Wiki moja kabla, wapeni zoezi la maswali matano yasiyo na alama yoyote, kwenye mashine zile zile na kwa nenosiri lile lile watakalotumia siku yenyewe. Zoezi hilo linadharauliwa sana, lakini ndilo linaloibua waliosahau nenosiri, wenye majina mawili kwenye mfumo, na yule ambaye amesoma nusu muhula bila kusajiliwa kwenye somo. Awamu ya pili wawe 200 hadi 300, vyumba viwili au zaidi, wasimamizi ambao si ninyi mliobuni mpango. Awamu ya tatu ndiyo hao 640, na bado uwe mtihani mdogo. Mtihani wa mwisho mzungumzie muhula unaofuata.

Kusahihisha kwa mashine si jambo la jana. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ilitoa mashine yake ya 805, iliyotambua jibu la mwanafunzi kwa umeme uliopita kwenye weusi wa penseli. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa tayari na PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Ugeni wa mtihani wa mtandaoni uko kwingine: mwanafunzi, mashine yake, mtandao, seva na umeme vyote vinatakiwa viwe hai katika dakika ile ile. Karatasi haikuwa na sharti hilo. Kwa hiyo mnachokijaribu hasa ni ile dakika, pamoja na watu watakaokuwa wamesimama ndani yake. Moodle yenyewe imekuwapo tangu 2002, na vyuo vingi duniani vinaitumia. Sidhani kama ninyi ndio mtakaogundua kwamba haifai.

Fanya hesabu kidogo na watu wa Tehama. Wanafunzi 640, mfumo ukihifadhi jibu la kila mmoja kila dakika, ni maombi kama 10 au 11 yanayoifikia seva kwa sekunde. Huo ni mzigo mwepesi. Lakini msimamizi akisema "anzeni" na wote wakabofya ndani ya sekunde 20, hizo ni kurasa 32 kwa sekunde, na kila ukurasa unaitaka hifadhidata imtambue mwanafunzi, imtolee maswali, iyachanganye, iandike kwamba ameanza. Ndiyo maana seva nyingi zinazozimia huzimia mwanzoni. Ikinusurika hapo, huingoja dakika ya mwisho, pale wote wanapokusanya kwa pamoja. Dawa ya bei rahisi ni vyumba kuanza kwa kupishana dakika tano. Dawa ya uhakika ni kupima kabla. Moodle ina zana ya kutengeneza mpango wa upimaji kwa ajili ya JMeter, programu huria inayojifanya umati wa watumiaji. Waombe waitumie kwenye seva ya pembeni, wasiiguse ile ambayo wanafunzi wanasomea. Na kama mnategemea waifai, kumbuka kwamba chumba cha watu 100 wenye kompyuta mpakato kina pia simu 100 mifukoni, zote zimejiunga na mtandao ule ule. Simu zizimwe, hata kama hakuna anayefikiria kuibia.

Saa nayo ina mitego yake. Katika Moodle kuna saa ya kufunga mtihani na kuna muda wa kuufanya, na hivyo ni vitu viwili. Ukiweka mtihani unafunguka saa 3:00 asubuhi, unafungwa saa 4:00, muda wake dakika 60, basi aliyecheleweshwa dakika 12 na nenosiri atafanya kwa dakika 48, kwa sababu kinachofika kwanza ndicho kinachofunga. Weka kufunga saa 4:30 na uuache muda wa dakika 60 ufanye kazi yake. Kisha sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna mtego wetu wa ziada: msimamizi anatangaza "saa tatu", fomu ya mfumo inataka 09:00, na mtu aliyechoka akiijaza usiku anaandika 03:00. Mtihani unafunguka alfajiri na kufungwa kabla jogoo hajashuka mtini. Tangazo liandikwe kwa namna zote mbili, na mtu wa pili akague kila mpangilio wa saa, ikiwemo saa ya seva yenyewe.

Sasa ingia nami chumbani. Ni dakika ya 17. Mwanafunzi wa safu ya nne anainua mkono. Kioo chake kimekuwa cheupe. Msimamizi anafika. Amesimamia mitihani ya karatasi miaka mingi na ni mtu makini, lakini kwa hili hana analolijua zaidi ya kitufe cha kuwashia, basi anakibonyeza. Mashine inaanza kujiwasha upya taratibu. Jirani wa kulia ameacha kuandika, anatazama. Majibu ya mwanafunzi yule yako salama kwenye seva hadi mara ya mwisho yalipohifadhiwa. Ilitosha kuufungua ukurasa upya, au kumhamishia kwenye mashine ya akiba na kumwambia aingie tena. Yeye halijui hilo, msimamizi halijui, na saa ya Moodle haisimami kwa sababu mtu amekwama. Anaporudi kwenye swali lake zimepotea dakika saba, na mkono unatetemeka.

Hapo hakuna ubovu wa programu hata mmoja. Kilichokosekana ni karatasi moja mezani kwa msimamizi yenye maagizo matatu au manne (fungua ukurasa upya, ikigoma, mashine ya akiba, andika saa aliyokwama na saa aliyorejea, mwite fundi), pamoja na mtu mmoja wa mfumo mwenye ruhusa ya kumwongezea mwanafunzi huyo dakika zake papo hapo. Moodle inaruhusu kubadilisha muda kwa mtu mmoja bila kuwagusa wengine. Mashine za akiba ziwe angalau moja kwa kila kumi, na ziwe zimewashwa.

Kabla ya siku hiyo amueni pia kwa maandishi nini kitafanyika umeme au mtandao ukikatika chumba kizima. Mimi ningependekeza hivi: chini ya dakika 10, chumba chote kinaongezewa muda, zikizidi 30, mtihani unahamia kwenye karatasi zilizokwisha kuchapwa na kufungwa kwenye bahasha, kati ya hapo anaamua mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Takwimu hizo mnaweza kuzibadilisha mtakavyo. Msichoweza kukikwepa ni jina la huyo mtu. Nimeshawahi kukaa kwenye chumba ambamo wakubwa watatu walipigiana simu kwa dakika arobaini huku wanafunzi wakiwa wamekaa tu, wakipeana majibu kwa macho.

Nikija kwenye maswali ya mtihani yenyewe, hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako nyingi. Swali lililoandikwa kwa ajili ya karatasi likihamishwa mtandaoni linabeba matatizo ambayo msahihishaji binadamu alikuwa akiyatatua kimyakimya. Msahihishaji akiona 0,25 badala ya 0.25 anaweka vyema na kuendelea. Akiona 1/4, vivyo hivyo. Mfumo uliofundishwa 0.25 peke yake unaweza kumnyima alama mwanafunzi ambaye hesabu yake ni safi kabisa. Majibu mafupi ya maneno ndiyo mabaya zaidi: mmoja ameandika "mitokondria", mwingine "mitochondria", wa tatu ameanza kwa herufi kubwa na mpangilio wa swali unatofautisha kubwa na ndogo. Katika awamu ya kwanza, baada ya mtihani, kaa na mwalimu wa somo mpitie kila jibu ambalo mfumo umelikataa. Majibu yote, msichague machache. Kwa wanafunzi 80 ni kazi ya mchana mmoja, na mkiona jibu lililostahili alama mnaliongeza kwenye orodha na kuamuru mfumo usahihishe upya. Kwa 640 msingeiweza.

Kuna kosa jingine ambalo siachi kulikuta. Mwalimu ana swali la kuchagua ambalo chaguo la mwisho ni "yote yaliyo hapo juu" au "A na C". Mtu wa mfumo, kwa nia njema, anawasha uchanganyaji wa machaguo ili majirani wasinakiliane. Sasa "yote yaliyo hapo juu" limekuwa la kwanza kwenye orodha, na juu yake hakuna kitu. "A na C" linaelekeza kwenye herufi ambazo kwa kila mwanafunzi zina maana tofauti. Vunjeni maswali ya namna hiyo kabla hayajaingia kwenye benki ya maswali.

Na kwa kuwa mtapata takwimu za kila swali bure, zisomeni. Chukua mfano huu. Wamefanya wanafunzi 120. Unawapanga kwa alama za jumla, unachukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, desturi iliyotokana na kazi ya mwaka 1939 ya Truman Kelley, mtaalamu wa vipimo vya elimu. Hao ni wanafunzi 32 kila upande. Swali la 14: jibu lililowekwa kuwa sahihi ni D. Katika kundi la juu wamelichagua 9, katika kundi la chini 14. Toa 14 kwenye 9, gawa kwa 32, unapata hasi 0.16. Yaani wanaoijua kazi wanalikosa swali hili kuliko wasioijua. Kisha unatazama walipokwenda wale wa juu: 19 kati ya 32 wamechagua B. Hapo huhitaji mtaalamu wa takwimu. Ama ufunguo wa majibu umekosewa na jibu ni B, ama B nayo ni sahihi kwa namna ambayo mtunzi hakuiona. Kwenye karatasi swali hilo lingeweza kurudiwa miaka mitano bila mtu kushtuka. Ripoti ya takwimu ya Moodle inatoa kielezo cha upambanuzi, yaani namba kama hiyo inayoonyesha swali linavyowatenganisha wanaojua na wasiojua, kwa njia tofauti kidogo ya ukokotoaji, lakini alama ya kutoa mbele ya namba inasema jambo lile lile: kaliangalie swali hili leo, kabla alama hazijatangazwa.

Maswali ya kuchagua yana suala la kubahatisha. Maswali 40 yenye machaguo manne, asiyejua lolote atapata wastani wa 10 kwa bahati tu. Mtu wa kamati atapendekeza makosa yakatwe alama. Msifanye hivyo katika majaribio. Mtakuwa mmebadilisha chombo na kanuni kwa pamoja, na alama zikishuka hamtajua kilichozishusha.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kulinganisha alama za mwaka huu za mtandaoni na za mwaka jana za karatasi. Wanafunzi ni wengine, maswali ni mengine. Mkitaka kujua kama kompyuta yenyewe inawaangusha watu, gawanyeni darasa kwa kura: nusu wafanye mtihani mdogo wa kwanza kwa karatasi na nusu kwa kompyuta, maswali yale yale, saa ile ile. Mtihani wa pili wabadilishane. Kwa alama 5 hakuna atakayelalamika sana.

Wenye mahitaji maalumu waingizwe kuanzia awamu ya kwanza. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini atakuambia ndani ya dakika mbili kwamba picha ya swali la 6 haina maelezo, jambo ambalo timu nzima ya watu wenye macho haikuliona. Muda wa nyongeza kwa wanaoustahili uwekwe kwenye mfumo siku moja kabla. Msimamizi asiachiwe kuukumbuka.

Kuhusu kamera, ushauri wangu ni kwamba msizitumie katika majaribio haya, na sababu ya kwanza ni ile ile ya kutojaribu mambo mawili kwa mpigo. Sababu ya pili ni ya kisheria. Agosti 2022 mahakama ya shirikisho huko Ohio, Marekani, iliamua kwamba Cleveland State University, chuo cha umma, kilikiuka haki ya kikatiba ya mwanafunzi kwa kumtaka aonyeshe chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani wa kemia aliokuwa akiufanyia nyumbani. Hukumu hiyo haiwafungi walio nje ya Marekani, lakini mwanasheria wa chuo chenu atapenda kuisoma kabla hamjasaini mkataba wowote. Kama hofu yenu ni wanafunzi kufungua kurasa nyingine wakiwa chumbani, ipo Safe Exam Browser, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, na inayounganishwa moja kwa moja na Moodle. Inaifunga kompyuta ibaki kwenye mtihani tu. Ina matoleo ya Windows, macOS na iPad, hivyo anayetegemea simu ya Android anaachwa nje. Na haioni kilichoko mapajani mwa mtu. Macho ya msimamizi bado yana kazi.

Mtihani wa kufanyia nyumbani bila msimamizi ni habari nyingine. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali, ilipotoka Novemba 2022, maswali ya kukumbuka ukweli yakifanyiwa nyumbani yanapima zaidi nani ana intaneti nzuri. Ama mtihani huo ufanyiwe chumbani, ama maswali yabadilike kabisa: mwanafunzi apewe data yake mwenyewe aichambue, kisha aitwe aieleze kazi yake kwa mdomo dakika tano.

Umeuliza utajuaje kama mmefaulu. Andika vigezo kabla ya kuanza na mkuu wa kitivo avitie saini, kwa maana baada ya tukio kila mtu ana kumbukumbu yake. Mimi ningehesabu vichache: wangapi walifika kwenye swali la kwanza ndani ya dakika tano, matukio mangapi ya kukwama kwa kila wanafunzi 100 na dakika ngapi zilipotea, maswali mangapi yalikuwa na upambanuzi wa chini ya sifuri, majibu mangapi ilibidi yarekebishwe kwa mkono, na saa ngapi mwalimu alitumia kuanzia kutunga hadi kutangaza. Hiyo ya mwisho msiifiche. Mara ya kwanza muda wa kutunga huongezeka, na walimu wakiahidiwa kupumzika halafu wakakuta kazi imeongezeka, hutawaona tena awamu ya pili. Hojaji za kuridhika kwa wanafunzi zigaweni kama mnapenda. Mimi huzisoma kwa ajili ya malalamiko tu, zile sehemu za "nimefurahia sana" nazipita.

Andikeni pia kitakachowafanya msimame. Kwa mfano, jibu la mwanafunzi hata mmoja likipotea kwenye seva bila maelezo, awamu inayofuata haianzi hadi sababu ijulikane. Kamati italiona hilo ni kali. Waulize wangekubali karatasi ngapi za majibu zipotee njiani kutoka ukumbini.

Na umalize kwa kuwaandikia Tehama barua moja fupi: kumbukumbu za seva za siku ya mtihani zisifutwe hadi muda wa rufaa upite. Seva nyingi zimepangwa kujisafisha zenyewe kila baada ya siku kadhaa, na mwanafunzi mwenye rufaa anaweza kubisha hodi wiki ya sita.